Waya, udongo na penseli: shajara ya mradi wa mwaka wa tatu, Dodoma

8 Desemba

Mada imepita. Msimamizi wangu ameisaini leo asubuhi, na kuanzia sasa nitaandika humu kila hatua inayostahili kuandikwa, ili na wenzangu wa mwaka wa pili wapate pa kuanzia mwakani. Chuo chetu ni kidogo. Darasa la saikolojia la mwaka wa tatu linaenea chumba kimoja na viti vinabaki, na maabara hatuna, kwa hiyo nilitafuta mradi ambao vifaa vyake vinapatikana sokoni.

Mradi ni huu. Watoto wa darasa la tatu wataonyeshwa umbo, kisha watalinakili kwa njia tatu: kwa penseli kwenye karatasi, kwa udongo wa mfinyanzi, na kwa waya. Nitalinganisha watoto wa shule mbili za hapa hapa Dodoma ambao mikono yao imezoea vitu tofauti.

Chimbuko lake ni kazi ya mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyoichapisha mwaka 1979. Alipima watoto wa miaka 8 wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Kwenye kuchora, watoto wa Manchester waliongoza. Kwenye kukunja waya, wa Lusaka waliongoza. Kwenye udongo hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Mtu angekwenda Lusaka na penseli peke yake, angerudi na ripoti kwamba watoto wale wana shida ya kuona maumbo. Angekwenda Manchester na waya peke yake, angeandika hayo hayo kuhusu Waingereza. Niliposoma jambo hilo mwaka wa pili nilikaa nalo muda mrefu, kwa sababu nimekulia kwenye shule ambako mtoto asiyejua kuchora ramani aliitwa kilaza mbele ya wenzake, na jina likamganda mpaka darasa la saba.

17 Desemba

Kikao na msimamizi. Tumekaa kwenye swali moja tu, na nataka liandikwe vizuri kwa sababu ndilo roho ya mradi.

Tuseme napima shule moja, ile ambayo watoto wake wanacheza na waya, na alama zao za waya zinazidi za penseli. Nimejua nini? Karibu sifuri. Huenda waya ni kitu rahisi kwa mtu yeyote, au huenda mimi msahihishaji nina huruma zaidi nikiona waya. Alama 6 za waya na alama 6 za penseli hazina kipimo cha pamoja. Kinachoweza kusema kitu ni kundi la pili, ambalo uzoefu wake umegeuka. Kama kundi la kwanza linaongoza kwenye waya na la pili linaongoza kwenye penseli, hapo ugumu wa kifaa hauwezi kuwa maelezo, maana kifaa ni kilekile kwa wote. Wala huwezi kusema kundi moja lina akili zaidi, maana lingeongoza kote.

Udongo ndio shahidi wa tatu. Watoto wote wamechezea matope. Natarajia huko tofauti iwe ndogo au isiwepo.

"Ukichora grafu," Dokta akaniambia, "tafuta kama mistari ya shule hizi mbili inapishana. Ikienda sambamba, andika hivyo hivyo, usiipindishe."

11 Januari

Sehemu ya mapitio ya machapisho imenichukua likizo yote. Nataja mawili tu yaliyonibadilishia mwelekeo.

La kwanza ni hesabu ya mwanasaikolojia Jeffrey Arnett ya mwaka 2008. Alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani na kukuta kwamba asilimia 68 ya waliopimwa ni Wamarekani, na asilimia 96 wanatoka nchi tajiri za Magharibi. Marekani ina chini ya asilimia 5 ya watu wa dunia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokariri kwa ajili ya mtihani kama "binadamu hufanya hivi" kimetokana na kipande kidogo sana cha binadamu. Sisemi ni uongo. Nasema haijapimwa Bahi, haijapimwa Kongwa, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuanza kupima hata kwa mradi mdogo.

La pili ni la Price-Williams na wenzake, 1969, huko Mexico. Walichukua watoto wa wafinyanzi na watoto wa familia nyingine, wakawapa majaribio ya Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, likiwemo lile la donge la udongo: ukilibonda likawa bapa kama chapati, je, udongo umebaki uleule? Watoto wa wafinyanzi walijibu vizuri zaidi kwenye swali hilo la udongo. Mtoto anayemwona mama yake kila siku akigeuza donge kuwa chungu ameshalijibu swali kabla mpimaji hajafika.

Nilipokuwa nayasoma hayo nilikumbuka michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wa mkoa huu huu walichora wanyama na binadamu kwa rangi nyekundu miaka mingi kabla ya penseli kufika. Nimeiweka aya hiyo kwenye utangulizi na Dokta hajaikata.

4 Februari

Vibali. Barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwenda jiji, kutoka jiji kwenda kata, kutoka kata kwa mwalimu mkuu. Kila mahali unaacha nakala na kila mahali unagongewa muhuri. Ushauri kwa wanaokuja: toeni fotokopi za ziada tangu mwanzo, na anzeni kabla propozo, yaani andiko la mradi, haijafungwa.

21 Februari

Shule ya kwanza imekubali. Ni ya serikali, pembezoni mwa jiji, upande wa njia iendayo Mtumba. Nimeichagua kwa sababu ya ujenzi. Tangu serikali ihamie Dodoma, upande ule kila kiwanja kina tofali na nondo, na mafundi wanapofunga nondo wanaacha vipande vya waya laini chini. Watoto wanavikusanya jioni. Wakifika nyumbani vinakuwa magari: bodi ya waya, matairi ya soli ya kandambili iliyokatwa duara, na usukani mrefu unaomfika mwenye gari kifuani ili aendeshe akiwa anakimbia. Niliona malori ya tipa yenye bodi inayoinuka kweli. Hakuna somo la shule lililowafundisha.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alinikaribisha ofisini na maswali.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Saikolojia ndiyo ile ya Mirembe?"

Hili swali kila mwanafunzi wa saikolojia wa Dodoma analijua. Hospitali ya Mirembe ipo hapa tangu 1927, na kwa wakazi wengi ndiyo maana pekee ya kazi yetu: unasomea wagonjwa wa akili. Nilimweleza kwamba huo ni mkono mmoja, na wa maana sana, lakini saikolojia inachunguza pia mtu mwenye afya njema anavyoona, anavyokumbuka, anavyojifunza. Nikamwonyesha maumbo ya mfano. Akaangalia mojawapo, mtu aliyetengenezwa kwa waya, akaangalia dirishani kwa watoto waliokuwa uwanjani, akasema, "Hawa wa kwangu watakushangaza." Akanipa stoo ya vitabu iwe chumba cha kupimia.

Shule ya pili ni ya binafsi, ya mchepuo wa Kiingereza, mjini. Watoto wanaletwa na basi la shule, na begi la kila mmoja lina penseli za rangi na kitabu cha kupaka rangi. Wamekubali pia, kwa sharti kwamba nisivuruge vipindi vya asubuhi.

10 Machi

Bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, limeingia, vifaa vimenunuliwa.

Waya: ule ule wa kufungia nondo, kwa kilo, duka la vifaa vya ujenzi. Nimekata vipande vya urefu sawa na kila ncha nimeikunja kwa plaizi ili isimchome mtoto.

Udongo: kutoka kwa mama mfinyanzi mmoja ambaye aliniuzia uliokwisha kupondwa na kuchekechwa.

Karatasi na penseli: hakuna la kusema.

Maumbo ni mawili, mraba wenye msalaba ndani, na mtu aliyesimama amenyoosha mikono. Kila umbo nimelitengeneza mara tatu ili mtoto anakili waya kwa kutazama waya, na mchoro kwa kutazama mchoro. Kumwonyesha mchoro halafu kumtaka atengeneze waya kungeongeza kazi nyingine ya kutafsiri kichwani ambayo siyo ninayoipima.

Mpangilio: vifaa vitatu vinaweza kufuatana kwa namna 6. Kila shule nitachukua watoto 36, wasichana 18 na wavulana 18, hivyo kila mfuatano unapata wasichana watatu na wavulana watatu. Bila hivyo, kifaa kinachokuja mwisho kingepata watoto waliochoka, au waliokwisha kulizoea umbo, na nisingejua lipi ni lipi.

19 Machi

Pailoti, yaani jaribio dogo la awali, mtaani kwetu, na watoto wa majirani ambao hawasomi kwenye shule hizo. Mambo mawili yamebadilika.

Hewa ya Dodoma inakausha udongo haraka mno. Sanamu ya mtu ilianza kupasuka shingoni kabla mtoto hajamaliza miguu. Sasa udongo unakaa ndani ya kitambaa kibichi hadi dakika ya mwisho, na kila kazi inapigwa picha papo hapo, kutoka juu, simu ikiwa kwenye kishikio kilekile, chini yake kitambaa cheusi.

La pili ni maelekezo. Nikisema "tengeneza kama hiki," wengine wanatengeneza kizuri zaidi kuliko nilichoonyesha. Mmoja alimwongezea mtu wa waya kofia. Sasa nasema, "Tengeneza kinachofanana na hiki kabisa, usiongeze wala usipunguze." Kofia imeacha kutokea.

14 Aprili

Nimeanza shule ya kwanza. Ridhaa kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, hivyo sahihi ni ya mzazi. Barua niliiandika kwa Kiswahili cha kawaida, mwalimu wa darasa akaisoma kwa sauti kwenye kikao cha wazazi, na asiyeandika aliweka dole gumba. Lakini hata mzazi akikubali, mtoto naye anaulizwa akiwa peke yake, na anaambiwa anaweza kuacha wakati wowote. Msichana mmoja alisema hataki. Nilimshukuru, akarudi darasani, na nilimwomba mwalimu asimwulize kitu.

Sasa niandike nilichokiona leo kabla sijakisahau, maana alama hazitakionyesha.

Mvulana wa kwanza kwenye waya hakuanza kukunja. Alitazama mraba wangu, akaweka waya wake juu ya kidole cha shahada na kupima kwa pingili: pingili mbili upande, akaweka kucha pale, akakunja dhidi ya kucha. Pingili mbili tena, kucha, kunja. Pembe nne zilitoka sawa bila yeye kuutazama mraba mara ya pili. Msalaba aliuzungushia ncha kwenye kingo, kila ncha mizunguko miwili, akavuta kuona kama inacheza. Mikono yake haikusita mahali popote. Mtoto huyo huyo, kwenye karatasi, alishika penseli karibu sana na ncha, akafuta, akafuta tena, na mraba wake ukaegemea upande mmoja.

Kisha msichana mmoja. Nilikuwa nimetarajia wasichana wahangaike na waya, kwa kuwa magari ni mchezo wa wavulana. Yeye alichukua vipande viwili akavisokota pamoja, vidole vikienda kasi kama vya mtu anayesuka nywele, akapata mguu mnene wa mtu, kisha akaachanisha vipande juu vikawa mikono. Nilimuuliza baadaye amejifunzia wapi. "Nawasuka wadogo zangu, mwalimu." Nimeongeza swali kwenye dodoso la mwisho: jioni ukitoka shule unafanya kazi gani na mikono yako? Kuuliza tu "unatengeneza magari ya waya?" kungewaacha watoto kama yeye nje ya picha.

29 Aprili

Shule ya kwanza imekamilika. Mvua za mwisho zilinizuia kidogo, njia ya vumbi iligeuka tope na bajaji hazikupita.

12 Mei

Shule ya pili. Hapa penseli inashikwa kwa utulivu. Mtoto anachora mstari mwepesi kwanza, anautazama, ndipo anaukoleza. Mmoja aliniuliza kama anaweza kutumia rula. Kwa mtu aliyesimama, wengi walianza na kichwa cha duara lililofungwa vizuri na kushuka chini kwa mpangilio, kama walivyofundishwa tangu chekechea.

Waya ukafika mkononi, na mambo yakawa mengine. Mtoto aliyetoka kuchora mraba safi aliushika waya kwa ncha za vidole, akaukunja katikati, ukarudi kidogo kama waya unavyorudi, naye akauweka mezani na kunitazama. Hakujua kwamba waya unakunjwa kupita pale unapotaka ubaki. Hilo ni jambo la mkono, na huwezi kulijua kwa kutazama. Alijaribu kwa uvumilivu mpaka mwisho na sikumharakisha.

Nilitaka sana kumsaidia. Niliandika pembeni ya fomu yake "macho yanaona vizuri" ili nikumbuke kwamba alikuwa anaona kosa lake na kulionyesha kwa kidole, ila mikono haikuwa na njia ya kulirekebisha. Kwa mwenzake wa shule ya kwanza, aliyefuta mraba wake mara kadhaa, ilikuwa vivyo hivyo kwenye karatasi: alijua umeegemea, ndiyo maana alikuwa anafuta. Nadhani hapa ndipo penye uzito wa kazi yote hii. Kuona umbo ni kitu kimoja, kulitoa kupitia kifaa fulani ni kitu kingine, na mtihani wa karatasi unavihesabu pamoja.

3 Juni

Usahihishaji. Jumla ni watoto 72, vifaa vitatu, maumbo mawili: picha 432. Kila picha ina namba tu, haina jina la mtoto wala la shule, na mfuatano umechanganywa na laptopu. Wasahihishaji ni wanafunzi wenzangu wawili ambao hawajafika shule yoyote kati ya hizo. Mimi sisahihishi, kwa sababu nazikumbuka nyuso.

Alama zinatolewa kwa vipengele: idadi ya sehemu, uwiano wake, pembe, na viungo kukutana panapotakiwa. Uzuri hauhesabiwi.

Makubaliano yao tunayapima kwa kapa ya Jacob Cohen, ya mwaka 1960. Inafaa niieleze, kwani wengi wetu tuliikariri bila kuielewa. Tuseme wasahihishaji wamekubaliana kwenye picha 80 kati ya 100. Inaonekana nzuri. Lakini watu wawili wanaotoa alama kwa kubahatisha nao watakubaliana mara kadhaa, tuseme 50. Kwa hiyo juu ya bahati wamepata 30, kati ya 50 zilizowezekana kupatikana. Kapa ni 0.6, na hiyo ndiyo namba ya kweli ya kuandika kwenye ripoti. Tumeanza na picha za mazoezi kutoka pailoti, wakabishana sana kuhusu "kiungo kukutana" kwenye udongo, tukaandika upya maelezo ya kipengele hicho, na sasa wanaendelea.

12 Juni

Baba mmoja wa shule ya pili alinipigia. Alitaka kujua mtoto wake amepata ngapi na amekuwa wa ngapi. Nilimjibu kwa heshima kwamba hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na kwamba kwenye barua aliyosaini tuliahidi kutotoa alama za mtoto mmoja mmoja kwa yeyote, hata kwake. Alikuwa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa huo waya unauzwa wapi?" Nikamwelekeza.

Kila shule itapata ukurasa mmoja wa matokeo ya jumla kwa Kiswahili. Kwa mwalimu mkuu wa shule ya kwanza nitaupeleka mwenyewe, kwa sababu aliniomba nikae na walimu wa darasa la tatu niwaeleze.

19 Juni

Wasahihishaji wamemaliza. Bahasha yenye orodha ya namba na shule iko kwa msimamizi, imefungwa tangu Mei.

Kabla haijafunguliwa nimeandika ninachotarajia na nitakachosema kwa kila hali, nikaweka tarehe na sahihi, naye amesaini. Nitafanya ulinganisho mara tatu, mmoja kwa kila kifaa, kwa jaribio la Mann na Whitney la mwaka 1947, ambalo linatumia nafasi za watoto kwenye mpangilio na halihitaji alama ziwe na umbo la kengele, yaani nyingi katikati na chache pembeni. Kwa kuwa ni mara tatu, na kila mara bahati inaweza kutudanganya, kizingiti cha kawaida cha 0.05 kinagawanywa kwa tatu, kinakuwa 0.017.

Shule ya kwanza ikiongoza kwenye waya na ya pili kwenye penseli, mistari imepishana, na nitaandika kwamba alichokiona Serpell kati ya nchi mbili kinaonekana pia ndani ya jiji moja. Shule ya pili ikiongoza kote, udongo ukiwemo, nitaandika kwamba wazo langu halikuungwa mkono na data hizi, na kwamba huenda chakula, kipato au mazoea ya kupimwa na mgeni yana nguvu kuliko mazoea ya kifaa. Tofauti zikiwa ndogo kote, nitasema watoto 36 kwa shule ni wachache. Wasichana na wavulana nitawaonyesha kwenye jedwali lao, pamoja na majibu ya swali la kazi za jioni, bila kuyafanyia jaribio, kwa sababu sikuyapangia tangu mwanzo.

Programu ya takwimu ya JASP, ya bure, imeshapakuliwa kwenye laptopu yangu na ya msimamizi. Tunafungua bahasha kesho saa nne asubuhi, ofisini kwake.